Kichuguu cha Mpaka

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa kumi

Nimehamia. Niko katika lupangu yangu, kiwanja changu mwenyewe, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kungoja zamu ya choo kwenye uwanja wa ukoo wa marehemu mume wangu kule mjini, mtaa wa Katuba. Kitanda kitakuja kesho na mkokoteni. Leo kuna godoro, vyumba viwili vya matofali mekundu, jiko la nje lenye sakafu ya udongo, na daftari hili lililobaki kwenye kabati la darasa langu la sita. Mwalimu hanunui daftari, anaokoa daftari.

Nyumba yangu ndiyo ya mwisho ya mji. Nikifungua mlango wa mbele naona mapaa ya mabati ya watu. Nikifungua wa nyuma naona shamba la mihogo na mahindi la Mama Mwelwa, kisha pori. Karatasi ya lupangu inasema: "kutoka barabara hadi kichuguu kikubwa." Nimezunguka nyumba mara mbili nikitafuta hicho kichuguu. Hakipo.

Siku ya Mungu, 6

Nimehesabu mabati kutoka mlango wa mbele: arobaini na moja. Nitahesabu kila siku ya Mungu baada ya misa, nijue mji unakimbia kiasi gani.

9 mwezi wa kumi

Chola, fundi wa matofali wa mtaa huu, amepita na baiskeli yake. Nimemwuliza kichuguu kiko wapi. Akashuka, akagonga ukuta wa chumba changu cha kulala kwa ngumi.

"Njo hii, mama. Uko unalala ndani yake."

Mwezi wa saba alikipasua, akakikanyaga na maji, akafyatua, akachoma. Udongo wa mchwa ndio unaotoa tofali gumu, kila mtu hapa anajua. Mpaka wangu uko ukutani! Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikamwuliza kilisimama wapi hasa.

"Ah, mama. Mwaka huu nimekula vichuguu kumi na moya. Mi nakumbuka matofali. Fasi, hapana. Yote ilikuwa pori."

Fundi aliyejenga nyumba amekwenda kutafuta kazi Kolwezi. Na mimi? Aibu yangu naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mwezi wa nne Liévin, muuza viwanja, alipokuja kunionyesha lupangu, majani yalikuwa marefu kunizidi. Alinyoosha mkono akasema, "Mpaka kule ku kichuguu," na mimi nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekiona. Mwalimu mzima! Mtoto wa darasani angefanya hivyo ningempa sifuri.

Siku ya posho, 12

Liévin mwenyewe amekuja, na utepe wake wa kupimia na mfuko wake wa karatasi za commune, serikali ya mtaa. Ameniita "mama mwalimu" mara nane, nikajua kuna jambo.

Jambo ni hili. Kichuguu kikubwa hakikuwa mpaka wangu tu, kilikuwa mpaka wa mji. Upande wa huku commune inagawa viwanja. Upande wa kule ni ardhi ya kijiji, na haigawiwi mpaka chifu na wenye mashamba wakubali. Sasa, katikati ya shamba la Mama Mwelwa kuna shimo la zamani la matofali lenye maji ambamo bata wanaoga. Liévin anasema kichuguu kilikuwa pale. Nimehesabu: kutoka jikoni kwangu hadi shimoni ni hatua themanini na nne. Karatasi yangu ataiandika upya iishie jikoni, na ndani ya hatua hizo zinaingia lupangu sita.

"Na moya nimechungia mutoto yako Chancelvie. Mupimaji wa commune anakuya mwezi wa kwanza kupanda bibao bya mupaka. Weye utasema tu: njo pale."

Kiwanja amemwekea mtoto wangu! Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Chancelvie ndiye mtoto wangu pekee. Anaishi na mumewe Dan na watoto wawili katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya baba yake mdogo, Katuba ile ile. Uwanja wa ukoo umegawanywa kwa kaka, kisha kwa watoto wa kaka, hadi umebaki chumba. Nikimpata hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, nitaomba nini kingine?

14

Nimepiga simu Katuba. Chancelvie amelia kwa furaha. Nikamwambia subiri kwanza. Hajasikia neno subiri.

17 mwezi wa kumi

Mama Mwelwa amekuja kujitambulisha, kikapu cha matembele kichwani. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye kicheko cha ghafla. Wazee wake walilima hapa kabla hapajaitwa hapa. Nimemtengea kiti, akakaa chini kwenye kizingiti.

"Weye njo ule wa nyumba ya kichuguu."

Nikamwuliza kuhusu shimo la bata. Kicheko kikakatika. Akasema lile lilikuwa kichuguu kidogo, marehemu mumewe alikiuza kwa wafyatuaji miaka mingi iliyopita. Kile kikubwa kilikuwa huku kwangu.

"Huku wapi, mama?"

"Huku! Bamejenga, bamechanganya yote, miye nitajua aje?" Akatazama shamba lake. "Lakini mwalimu, kichuguu kikubwa kiko na mama yake chini. Ukikata kichwa, mama hakufe. Ngojea mvua. Bowa itatoka fasi mama iko."

Bowa ni uyoga, ule wa mchwa, mpana, mtamu kuliko nyama. Sikuwa nimefikiria kwamba mpaka unaweza kuota. Akaongeza kwamba kwao, bowa ya kwanza ya kichuguu haipikwi na aliyeiokota. Inapelekwa kwa mwenye udongo.

Siku ya Mungu, 20

Mabati: arobaini na saba. Joto la kuua mtu.

22

Leo somo la jiografia nimelipindua. Darasa lina watoto sabini na wawili, na mwezi wa tisa walikuwa hamsini na nne. Nimewauliza: mlitoka wapi, na kwa nini mlikuja upande huu? Ishirini na tisa wametoka Katuba. Tumechora ubaoni. Upande mmoja kuna ukuta wa mgodi, wenye nyaya na walinzi. Upande wa pili kuna mto Naviundu na matope yake, ambako aliyejenga hulala na maji. Nyuma ni mji wenyewe, umejaa. Nikawauliza, mtu akitaka lupangu atapita wapi? Mkono mmoja ukainuka nyuma: "Kwetu, madame. Njo mlango moya tu imebakia."

Nimekaa na jibu hilo mchana kutwa. Tunasema mji unakua kama vile unajiamulia. Kumbe unasukumwa. Nami nimesimama mlangoni penyewe.

26

Mchwa wamekula tako la gunia la makala, mkaa wangu, jikoni. Na mpini wa ufagio. Nimewamwagia majivu.

27 mwezi wa kumi

Mvua! Ya kwanza. Nimesimama nje kama mwendawazimu. Mabati: hamsini na mawili, nimehesabu nikiwa nimelowa.

5 mwezi wa kumi na moja

Mvua.

6

Mvua. Barabara imekuwa mto, nimekwenda shule na viatu mkononi.

Siku ya Mungu, 17

Mabati sitini. Jirani mpya, familia kutoka Kasai, wamejenga katika siku tisa. Nimemwuliza mama wa nyumba kwa nini hapa. "Ni hapa kulikuwa nafasi, mama, quand même!" Kila ninayemwuliza jibu ni hilo. Hakuna aliyechagua mahali hapa kwa uzuri wake.

Siku hizi Mama Mwelwa ananipitia asubuhi kabla sijakwenda shule. Mwanzoni nilimwona kama mwanamke mwenye shamba kubwa asiyetaka kuachia watu pa kulala. Nilimwuliza hivyo hivyo, mdomo wangu hauna pazia. Hakukasirika. Alinionyesha mikono yake, akasema shamba hilo linalisha nyumba nne kijijini, na wajukuu wake hawana mshahara wa commune. "Batu ba mujini banasema hapa ni pori. Unaona pori hapa?" Nimetazama. Mihogo mistari kwa mistari, mahindi yameshafika magotini. Sioni pori.

Siku ya posho, 23

Chancelvie na Dan wamekuja na watoto. Wamekanyaga shamba la mtu wakipima kwa miguu: mlango huku, dirisha huku, kuku kule. Dan amepanda vijiti vinne. Nimewapikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo, tumecheka. Walipoondoka nikaenda kuving'oa vijiti kabla Mama Mwelwa hajaviona, kisha nikavirudisha viwili. Sijui mimi ni mtu wa namna gani.

1 mwezi wa kumi na mbili

Nakiri. Kila alfajiri nakwenda shimoni kwa bata, nachungulia ukingoni, nikitafuta bowa. Nataka zitoke pale. Namwomba Mungu anioteshee uyoga shimoni. Kisha nageuka, namwona Mama Mwelwa naye anapita ukingo wa shamba karibu na nyumba yangu, macho chini, anatafuta. Tunasalimiana kwa adabu zote.

2

Hakuna kitu shimoni.

4

Hakuna. Bata tu.

Siku ya Mungu, 8

Mabati sabini na moja. Mvua siku tatu bila kupumzika. Shimoni hakuna kitu.

Siku ya posho, 14 mwezi wa kumi na mbili

Acha nianze mwanzo.

Jana jioni Chancelvie alikuja peke yake, akalala kwangu kwa kuwa mvua ilifunga barabara. Asubuhi ya leo, saa kumi na mbili, nikaenda jikoni kuwasha mbabula, jiko la mkaa, nichemshe chai. Mbabula ilikuwa imelala upande, makala yamemwagika. Nikadhani paka. Nikafungua mlango vizuri, mwanga ukaingia.

Bowa. Nne, tano, zimepasua sakafu yangu niliyoipiga kwa mikono hii, zimesukuma mbabula ya chuma ikaanguka. Kubwa kuliko zote ilikuwa imeshafunguka, pana kama sinia la harusi, nyeupe, ukingo kahawia. Harufu ya udongo na ya mkate. Nilipiga magoti. Jambo la kwanza nililohisi halikuwa hofu wala huzuni, lilikuwa furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. Ehe! Kumbe ni hapa! Gunia la makala, mpini wa ufagio, mchwa walikuwa wananiambia tangu mwezi wa kumi. Nimekuwa nikitafuta kichuguu kwa miezi miwili huku nikipikia juu ya kichwa chake.

Halafu jibu lenyewe likanishukia. Kama kichuguu kilikuwa hapa, mpaka wa mji unapita jikoni kwangu. Zile hatua themanini na nne zote ni za kijiji. Lupangu sita hazipo. Lupangu ya Chancelvie haipo.

Sikumsikia akija. Alisimama nyuma yangu na kitenge changu mabegani. Yeye si mjinga, alielewa upesi kuliko mimi.

"Maman. Funga mulango."

Nikaufunga. Akachukua kisu juu ya ndoo.

"Tunazikata, tunapika, tunakula. Saa mbili bimeisha. Nani atajua?"

"Zitatoka tena."

"Utamwaga ciment. Dan atakuya kesho na mufuko wa ciment."

"Chancelvie."

"Batoto bangu banalala chini ya meza, maman!" Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Chini ya meza. Weye uko na byumba bibili peke yako, uko unahesabu mabati ya batu kila siku ya Mungu. Mabati yangu utahesabu lini?"

Nilitazama ule uyoga, nikamwona akilini Mama Mwelwa akipita ukingoni kila alfajiri, macho chini, anatafuta kitu kilichoko jikoni kwangu. Nilifikiri pia jambo dogo la kijinga: kwamba miaka thelathini na moja nimewaambia watoto, jibu likiwa sahihi halifutwi, hata kama hulipendi.

"Nipe kisu," nikasema.

Akanipa. Alidhani tunapika. Nikaikata ile kubwa shinani, taratibu, nisiivunje, nikaiweka kichwani kama mwavuli, nikatoka. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nilisikia Chancelvie akiniita mara moja, kisha hakuniita tena. Mama wa Kasai alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki, akasimama na povu mdomoni. Chola alikuwa anapita na baiskeli, akashuka.

Mama Mwelwa alikuwa shambani, amejifunika plastiki. Aliponiona, jembe lilimtoka mkononi. Nilipiga magoti kwenye matope, nikapiga makofi kama nilivyoona wanakijiji wakifanya, nikamwekea bowa mbele ya miguu.

"Mama, iko ya kwako. Imetoka mu jiko yangu."

Alitazama uyoga, akatazama nyumba yangu, akahesabu kwa macho. Nilingoja acheke. Hakucheka, aliketi chini pale pale mvuani, akalia, nami nikalia naye kwa sababu zangu nyingine kabisa.

Baadaye alikuja kuona. Alisimama jikoni, mkono mmoja kiunoni. "Nusu ya jiko yako iko kwangu, mwalimu."

"Naona, mama."

"Sasa juu ya nini hauwashe moto? Pika." Akaniambia kila mwaka nimletee ya kwanza, basi. Zile nne zilizobaki tumezipika pamoja. Chancelvie alikuwa ameshaondoka kwa miguu, mvuani, bila chai.

16

Liévin amekuja na kelele. Amesema nimeharibia watu sita maisha. Nikamwambia saba, mimi pia nimo. Akasema uyoga si karatasi. Nikamjibu kwamba shimo la bata pia si karatasi. Kaondoka.

Noeli

Dan amepiga simu, watoto wameimba. Chancelvie "ana kazi".

22 mwezi wa kwanza

Mpimaji wa commune amekuja, kijana mwenye miwani, na mzee aliyetumwa na chifu. Walifukua kidogo jikoni wakakuta vyumba vya mchwa vikishuka chini kama ghorofa. Mpimaji alicheka, akasema hajawahi kupanda kibao ndani ya jiko la mtu. Wamekipanda, cha saruji, hatua moja kutoka kwenye mbabula. Natandaza juu yake kitambaa cha kufunikia sufuria. Sasa nalala mjini na napikia kijijini. Natamani kumsimulia Chancelvie, yeye ndiye angecheka kuliko wote.

Siku ya Mungu, 16 mwezi wa pili

Mabati ya mbele: themanini na nane, hakuna pa kuongeza. Darasani watoto tisini na tatu, wanne kwa benchi.

Leo nimefungua mlango wa nyuma nikaona jambo jipya. Ng'ambo ya shamba la Mama Mwelwa, mbali, pale pori linapoanza kupanda, kunang'aa. Nimehesabu mabati kumi na moja. Chifu wa upande ule amegawa ardhi yake. Mji haukusimama kwenye kibao changu. Umekiruka pamoja na shamba, umekwenda kutua kule, ambako hakuna maji wala shule wala barabara. Nilidhani nimefunga mlango. Nimewatembeza watu mbali zaidi tu, na sijui kama hilo ni kosa langu au la mlango kuwa mmoja. Jambo hili naliwaza usiku na mchana.

20

Dan kanipigia simu. Wamepata lupangu. Moja ya yale mabati kumi na moja ni yao, kibanda cha muda tu. Saa nzima kwa miguu kutoka kwangu, ukipita njia ya shambani. Nimeuliza kama naweza kwenda. Akajibu: "Maman, umungojee."

8 mwezi wa tatu

Mvua inapungua. Namngojea.

Siku ya Mungu, 23 mwezi wa tatu

Amekuja.

Nilikuwa nafua. Nimemwona tangu mbali kwenye njia ya mahindi, mwendo wa baba yake. Matope hadi magotini. Hakuketi, hakupokea maji. Alitazama kibao jikoni, kitambaa cha sufuria juu yake, na kona ya mdomo ikacheza, lakini akaizuia.

"Maman, Chola anaanza kutufyatulia matofali kesho, siku ya kwanza."

"Ni vizuri."

"Kuko kichuguu moya, kubwa, ku kona ya lupangu yetu. Jirani anasema iko ya kwake. Miye nasema iko ya kwetu." Akavuta pumzi. "Kuya na kamba na daftari yako. Upime mbele, Chola hajakikula bado."

Nikafunga nyumba, nikachukua kamba ya kuanikia nguo ikiwa bado na maji, na daftari hili. Mama Mwelwa alituona tukipita, akauliza tunakwenda wapi, akaweka jembe chini akafuata.

Kutoka kizingiti cha Chancelvie hadi katikati ya kichuguu: hatua thelathini na mbili. Kutoka mti wa msuku ulio karibu na njia: hatua kumi na tisa. Yeye ameshika mwisho mmoja wa kamba, mimi mwingine. Nimeandika mara mbili, karatasi moja nimeichana nikampa, na chini tumeweka majina: mimi, yeye, jirani yake, na Mama Mwelwa kwa kidole gumba. Kisha akaniuliza kama nimeshahesabu mabati.

Nikasimama kwenye mlango wake nikahesabu. Mabati kumi na manne, nikianza na lake.